Kanzu Nyeupe, Buibui Jeusi, Saa Sita Mchana

Vijana wapiga picha wa Malindi na Kilifi, mmenisumbua tangu nilipofunga studio: "Mama Kadzo, tuandikie kidogo." Haya. Sitawaambia nilianza na mshahara gani wala nani alinipa cheti kipi. Hayo hayatawasaidia mkiwa mmesimama uani, jua utosini, na watu thelathini wamewakodolea macho. Nitaanza na kuku.

Siku ya kwanza ya kazi nilitoka kwetu Dabaso nimevaa viatu vya kuazima, nikitarajia kukabidhiwa kamera. Mwenye studio, Ami Faraj, alikuwa mzee mwembamba wa Malindi mjini, miwani yake imefungwa kwa uzi, hana maneno mengi ila akikasirika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipeleka uani. Pale palikuwa na kuku wawili waliofungwa kamba kwenye kigingi kimoja, mmoja mweupe pe, mwenzake mweusi ti.

"Haya, wapige picha hao," akaniambia.

"Kamera iko wapi, Ami?"

"Nani kakutajia kamera? Nataka namba."

Basi wiki nzima kazi yangu ilikuwa kusimama pale nikitazama jua, mawingu na ukuta wa chokaa, kisha kutamka kwa sauti: tundu la lenzi namba fulani, kasi fulani. Ami Faraj alitoka na kipimo chake cha mwanga, akapima, akatoa hukumu. Nikitaja mwanga mwingi mno aliniambia, "Umemuua mweupe." Maana yake kuku mweupe angetoka kama karatasi yenye upanga mwekundu wa kichwani. Nikitaja mwanga mdogo alisema, "Umemzika mweusi," yaani angetoka shimo lenye mdomo. Majirani walisikia kutwa nzima sauti ya mzee ikitangaza vifo na maziko ya kuku wale wale wawili, na mama mmoja wa nyumba ya pili akaja kuuliza kama tumepatwa na ugonjwa wa mifugo.

Jumamosi tulimla mweupe. Ami Faraj alisema amekwisha kufa mara nyingi mno, si haki kumrefushia mateso. Tulipokuwa tunakula ndipo aliponipa somo lenyewe. "Mara nyingine jua la kwetu hapa halikubali kuwaokoa wote wawili. Likikataa, jiulize nani kaja kupigwa picha." Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Nilikuwa nautazama mnofu.

Kamera aliponipa, nilikuta filamu haina huruma. Jua likiwa kali na mbingu safi, tundu ni kumi na sita, na kasi ni namba iliyoandikwa kwenye kasha la filamu yenyewe. Hiyo ni kanuni ya zamani na bado inafaa, hata kwa hizi kamera zenu zinazojidai kuwa na akili. Msiamini sana akili hiyo. Kipimo kilichomo ndani ya kamera kilitengenezwa na mtu anayeamini dunia yote ina rangi ya jivu. Ukikielekeza kwenye mchanga mweupe wa Watamu kinashtuka, kinadhani mwanga umezidi, kinafunga tundu, na mteja wako anatoka kama gogo lililoungua. Pima kiganja chako mwenyewe, ukikigeuzia mwanga ule ule unaompiga mteja usoni, kisha ongeza kidogo, kwa sababu kiganja ni cheupe kuliko uso. Kiganja hakiishiwi betri, na hujawahi kukisahau nyumbani.

Somo hili nililipata kwa aibu kule mto Sabaki. Mchungaji Kahindi alitaka picha za ubatizo za kupeleka makao makuu ya kanisa lake, maana wakubwa walitaka ushahidi kwamba watu wanazamishwa kweli, si kunyunyizwa. Tulikwenda ukingoni saa sita kasoro. Mchungaji alikuwa na joho jeupe, maji yanametameta, na mzee mmoja wa kanisa amesimama juu ya kichuguu akiangalia viboko. Wa kwanza kuzamishwa alikuwa Bwana Karisa, mrefu kama mnazi, naye kazi yake ilikuwa kuzama na kuibuka tu.

Alizama, akaibuka, nikapiga. Papo hapo nikakumbuka nimepima kwa joho la mchungaji. Nilijua tayari kwamba nina joho zuri na vivuli viwili. Nikapaza sauti kwamba picha imeharibika. Mchungaji akamzamisha tena. Safari hii wingu likapita. Mara ya tatu mzee wa kichuguuni alipiga ukelele, kila mtu akakimbilia nchi kavu, kumbe ni gogo. Mara ya nne, Bwana Karisa, macho mekundu, maji yakimtoka puani, alimshika mchungaji mkono.

"Mchungaji, dhambi zilikwisha zamani. Sasa mnanitoa ngozi."

Picha hiyo ya nne ilikuwa safi. Nilipima kiganja, joho likaungua kidogo begani kwa mwanga kuzidi, na nyuso zikaonekana vizuri, hata hasira ya Bwana Karisa. Makao makuu waliipenda wakasema inaonyesha toba ya kweli.

Baada ya Ami Faraj kufariki studio ilibaki mikononi mwangu, na miaka ikawa ya harusi. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu kosa nitakalolisimulia nililifanya nikiwa fundi, si mwanafunzi. Harusi zetu huku zina kanzu nyeupe na mabuibui meusi katika fremu moja, na jua limesimama katikati ya utosi. Ni kuku wale wale wawili. Sasa, bwana harusi aliyeshonewa kanzu ya tarizi shingoni atakurudia kesho yake akilalamika kwamba tarizi haionekani. Wajomba zake watakuja nyuma yake. Kina mama wenye mabuibui hawalalamiki. Watatazama picha, watasema mashaallah, wataiweka kabatini. Basi bila kujijua nikawa naokoa kanzu mwaka nenda mwaka rudi. Sikuliona kosa hilo mpaka Bi. Zuhura alipokuja studio.

Bi. Zuhura alikuwa mama mkuu wa ukoo mmoja wenye mashamba karibu na Gede, ajuza mdogo wa umbo, mkali wa ulimi. Alikuja siku moja kabla ya harusi ya mjukuu wake Salma. Aliketi, akamaliza kunywa maji kwanza, ndipo akamwaga bahasha ya picha juu ya meza yangu.

"Harusi kumi na moja hizi," akasema. "Za wanangu, za wapwa, za wajukuu. Nitafute."

Nikatafuta. Katika kila picha, safu ya mbele, palikuwa na mkoba wa kahawia umekaa juu ya giza. Giza lilikuwa na umbo la mtu, na juu yake giza jingine badala ya uso.

"Vitukuu vyangu vinaujua mkoba," akasema. "Vikiulizwa bibi yuko wapi, vinaonyesha mkoba. Mimi ni shimo, Kadzo. Shimo lenye mkoba."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba ana presha ya macho, na sasa anaona kama anachungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. "Daktari kasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinaaga. Nataka picha moja nijione uso wangu nikiwa na watu wangu, kabla sijafungiwa mlango. Moja tu. Kesho ndio nafasi, maana baada ya Salma sina wa kuoza."

Nilizigeuza picha zile nyuma. Nne zilikuwa na muhuri wa studio yetu, na zote nne nilizipiga mimi. Sikumwambia, lakini nadhani alijua, kwa sababu alinitazama kwa upande mpaka nikaondoa mkono juu ya muhuri.

Siku ya harusi niliomba picha ipigwe asubuhi. Haikuwezekana. Nikahi ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, na baada ya nikahi ni chakula, na baada ya chakula upande wa bwana harusi unarudi Malindi. Kwa hiyo picha ya koo mbili ilibaki na nafasi moja, kati ya nikahi na pilau, jua likiwa bado wima. Bibi harusi mwenyewe alikuwa ndani akipambwa. Nje nilikuwa na bwana harusi, wazee, wajomba, shangazi, jumla watu thelathini na wanne wenye njaa.

Kwanza niliwaweka chini ya turubai la harusi. Lilikuwa la kijani. Nilipojifunika leso kutazama kioo cha kamera, maana wakati huo nami nilikwisha hamia kamera za dijitali, nikaona koo mbili zenye heshima zimegeuka rangi ya kisamvu. Nikawatoa.

Palikuwa na kivuli cheupe kizuri barazani, chini ya makuti, lakini kingetosha nusu ya watu. Nikasema upande mmoja ukae pale, nitapiga mara mbili. Hapo ndipo nilipoikanyaga adabu ya watu wa Pwani. Mzee Athman, ami yake bwana harusi na msemaji wa upande wao, aliinua mkono.

"Wenyeji wakae kivulini. Sisi tutasimama hapa."

"Hasha!" akajibu kaka yake Bi. Zuhura. "Mgeni aungue na jua uani kwetu sisi tukitazama? Nyinyi piteni."

"Wallahi hatupiti."

"Basi na sisi hatupiti."

Walisukumana kwa upole hivyo hivyo, mkono kifuani, tafadhali na tafadhali, mpaka wote thelathini na wanne wakawa wamesimama juani kwa heshima, jasho likiwachirizika, na kivuli chote kikabaki na paka. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Wahenga hawakupiga picha za harusi.

Haya, jua lipo utosini. Mnajua linachofanya: linaangaza paji la uso, pua na mabega, kisha linachimba mashimo mahali pa macho. Ukitumia flashi, kwa umbali ule na watu wengi vile, ni kama kuwasha kiberiti. Nilihitaji mwanga utoke chini. Nikatazama huku na huku, nikaona sinia za pilau, za bati jeupe, pana kama gurudumu la mkokoteni, zimesuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka zinaumiza jicho.

Mpishi mkuu, Kombo, alinikatalia katakata. "Sinia hizi za kulia watu, Bi. Kadzo. Si vioo vya kinyozi."

"Dakika tano tu, Kombo. Ni kwa ajili ya Bi. Zuhura."

Kombo alimtazama Bi. Zuhura, ambaye alikuwa tayari ameketi kwenye kiti katikati ya safu ya mbele, ameshika mkoba wake. Nadhani Kombo alikuwa anamwogopa tangu utotoni. Akaita wapishi wake watano. Wote sita, yeye akiwamo, wakachuchumaa mbele ya watu, chini ya mstari wa picha yangu, kila mmoja na sinia yake kaiinamisha kama nilivyomwelekeza. Ikabaki sinia moja, kubwa kuliko zote, na haikuwa na mshikaji. Nikamnyang'anya Bi. Zuhura ule mkoba, nikampakatisha sinia.

"Ishike kama ungo, Bibi. Hivyo hivyo. Usiiachie hata nyumba ikiungua."

"Na nikiwashwa pua?"

"Vumilia."

Mwanga ulipanda kutoka chini, ukawapiga usoni. Uzuri ulioje! Nilimwona Bi. Zuhura ana macho, ana mashavu, ana kidoti karibu na mdomo ambacho sikukijua miaka yote ile. Kisha watu wote wakafumba macho, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kutazama sinia saba mchana wa jua. Sasa nikawa na nyuso thelathini na nne zenye mwanga mzuri, zote zimelala.

Dawa ya hilo ipo, na muiandike: waambie wafumbe macho kabisa, wapumzike, kisha wafungue kwa pamoja kwa ishara moja, nawe upige papo hapo. Nikajaribu kuhesabu hadi tatu. Wengine walifungua kwa moja, wengine mbili, mjomba mmoja alifungua tulipokwisha. Mzee Athman akakohoa.

"Bi. Kadzo, watu hawa hawakujui. Niachie mimi. Jamani, fumbeni macho. Mtakaponisikia nasema amin, fungueni."

Niliona ni fikra nzuri. Nilipima kiganja changu mbele ya uso wa Bi. Zuhura, nikaongeza mwanga kidogo, kisha nikaangalia kanzu. Zingeungua. Tarizi zote zingekwenda. Nikasema moyoni, ziende. Nikaweka kidole.

Watu wakafumba macho. Uwanja ukanyamaza kabisa. Na Mzee Athman, ambaye maisha yake yote watu wakinyamaza mbele yake siku ya harusi huwa wanangoja jambo moja, akasahau habari ya picha. Akaanza dua.

Mimi ni Mkristo, lakini najua dua haikatizwi. Aliwaombea maharusi. Aliwaombea wazazi wao. Aliwaombea wagonjwa, kila mmoja kwa jina lake, na marehemu, na mvua, na mahujaji, na kila aliyesafiri akawa hajafika. Kamera ilikuwa inaniunguza shavu. Watu walikuwa wanaitikia amin kwa sauti ya chini, macho wamefumba kama walivyoambiwa, na kila walipoitikia kidole changu kiliruka. Pilau ilianza kunukia ukoko.

Hatimaye alivuta pumzi, akatamka kwa sauti iliyofika barabarani, "Aaamin!"

Nikapiga. Sinia sita zikaanguka kwa kishindo, maana Kombo na wapishi wake nao ni Waislamu, na mtu dua ikiisha hujipangusa uso kwa viganja vyake viwili. Paka akatoweka barazani.

Nilijifunika leso, nikatazama. Kanzu zilikuwa nyeupe tupu, hazina hata kifungo. Juu ya kanzu na juu ya mabuibui palikuwa na viganja, jozi thelathini na tatu, vimefunika nyuso thelathini na tatu. Katikati yao, mikono imeshikilia sinia kama alivyoamriwa, alikaa Bi. Zuhura, mdomo wazi kidogo kwa kuitikia amin, macho yake mawili yamefunguka yananitazama.

Mzee Athman alikwisha zindukana. "Turudie," akasema, amefadhaika sana, maskini. "Kosa ni langu. Turudie."

"Nipeni kwanza nione," akasema Bi. Zuhura.

Nikamtia ndani ya leso, vichwa viwili katika joto lile. Aliisogeza kamera karibu na jicho la kulia, akaihamisha polepole, kama mtu anayetafuta tundu la sindano, mpaka akaupata uso. 

"Nimezeeka vibaya hivi?"

"Umezeeka vizuri, Bibi."

"Muongo." Kisha akasema, "Lakini naonekana."

Nililia, sitawaficha. Nililia kwa ajili ya zile nne nilizompiga, na kwa nyingine za wanawake wengine ambazo hazikurudishwa mezani kwangu. Yeye alinipangusa kwa ncha ya leso yangu mwenyewe, akatoka nje, akawatangazia ndugu na wakwe: "Hairudiwi. Kombo, leta chakula."

Malalamiko niliyapata, tena kwa wiki kadhaa. Bwana harusi aliulizia tarizi. Mzee Athman alinipigia simu kuuliza yeye ni yupi pale. Nikamwambia wa pili kutoka kulia, mwenye saa. Akasema kweli saa imetoka vizuri.

Baada ya kustaafu nilikwenda kumsalimu Bi. Zuhura. Picha ilikuwa sebuleni, kubwa, katika fremu ya dhahabu. Mlango aliouogopa ulikwisha fungwa. Sauti yangu aliitambua kabla sijavua viatu, akaniambia niketi, akageuza uso kuelekea ukutani, si ule wenye picha hasa bali ule wa pembeni yake.

"Naonekana bado?"

Niliinuka nikaitazama karibu, kwa jicho la kazi, nisimdanganye. Rangi ilikuwa haijachuja.

"Unaonekana, Bibi. Hata kidoti."

"Na wao?"

"Wao bado wamejifunika."

Alitikisa kichwa, ameridhika, akapapasa kikombe chake cha kahawa.

"Wasubiri tu," akasema. "Mimi nimesubiri harusi kumi na moja."